Uzi Wako Unakufaje?

Ndugu zangu wapiga besi, wazee wetu mliokaa mbele, na nyinyi wapiga solo mliojipenyeza kule nyuma mkidhani hatujawaona: karibuni. Waandaaji wamenipa dakika 40 za kusema peke yangu. Katika miaka yote niliyosimama pembeni ya ngoma sijawahi kupewa hata 4, kwa hiyo mniwie radhi nikizitumia zote.

Swali nililoletewa ni fupi. Nyuzi za gitaa la besi zilizovishwa utando, zile zinazouzwa ghali kuliko za kawaida, zinastahili hiyo nyongeza ya bei? Aliyenipigia simu alitaka jibu la ndiyo au hapana ili aliandike kwenye tangazo. Nikamwambia aandike tu kwamba nitakuja.

Nianze kwa kukiri. Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa wanaozicheka. Nilikuwa nikisema huo ni uzi uliovalishwa koti la mvua, na nani anapiga besi mvuani? Baadaye nikagundua kwamba utani wangu ulikuwa karibu sana na ukweli, na nitawaeleza kwa nini. Hapa mezani nimeweka besi mbili. Umbo moja, pikapu (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za aina moja, nyuzi za unene mmoja, seti ile ya kawaida ya 45 hadi 105, kwa vipimo vya elfu za inchi. Moja ina nyuzi tupu, nyingine ina nyuzi za utando. Zote nilizifunga siku moja, wiki 9 zilizopita, na nimekuwa nikizipiga kwa zamu. Sisemi ipi ni ipi. Mtakuja kuzishika wenyewe.

Sasa, kabla ya utando, tuseme ukweli kuhusu sisi. Seti ya nyuzi 4 za besi huuzwa mara kadhaa ya bei ya seti ya nyuzi 6 za gitaa la kawaida. Haishangazi: uzi wetu ni mnene, una chuma kingi, na ni mrefu, maana kwenye besi iliyozoeleka sehemu inayotikisika peke yake ni inchi 34. Juu ya hayo, wanunuzi ni wachache. Kwa hiyo mpiga solo akisikia nyuzi zimechoka, anazibadilisha kabla ya onyesho kama mtu anayebadilisha soksi. Mpiga besi anaziangalia, anapiga hesabu, anazifuta kwa pindo la shati, maisha yanaendelea. Humu ndani kuna watu ambao nyuzi zao zina umri mkubwa kuliko ndoa zao. Msicheke, mnajijua.

Ndiyo maana mtengenezaji akituambia nyuzi hizi zinadumu mara 3 au mara 4, sisi masikio yanasimama haraka kuliko ya mtu mwingine yeyote kwenye bendi. Ahadi hiyo inatugusa mfukoni. Lakini kudumu maana yake nini? Uzi wa besi haukatiki ovyo. Unaweza kukaa miaka 10 bila kukatika. Kinachokufa ni kitu kingine, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Chukueni uzi wa E, ule mnene kuliko wote. Katikati kuna kiini, waya mmoja wa chuma, mara nyingi wenye pembe 6. Juu ya kiini umeviringishwa waya mwingine, kwenye nyuzi nene hata tabaka mbili au tatu, na tabaka la nje kabisa ni chuma kilichopakwa nikeli, au ni stenlesi. Waya huo wa nje ukiwa wa duara, uso wa uzi unakuwa na vilima na mabonde. Unavihisi ukitelezesha kidole, na unavisikia pia, kile kikwaruzo ambacho fundi wa studio hukilalamikia. Mabonde hayo ndiyo yanayofanya uzi ulegee vya kutosha kutikisika vizuri hata ukiwa mnene. Na mabonde hayohayo ndiyo kaburi lake.

Uzi wa E ukiwa wazi, yaani bila kubonyezwa, unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Spika nyingi ndogo, na karibu simu zote, haziwezi kuutoa mtikisiko huo ipasavyo. Msikilizaji anaitambua noti yako kwa sauti za juu zinazopanda mgongoni mwake: ile ya 82, ya 124, ya 165, na nyingine nyingi huko juu. Uzi mpya umejaa sauti hizo. Ndiyo maana siku ya kwanza unalia kama kinanda, kila noti ina ncha, na mpiga ngoma anakugeukia kukuangalia.

Halafu unaanza kuupiga. Ngozi iliyokufa inatoka vidoleni, mafuta yanatoka, jasho linatoka na chumvi yake. Vyote vinashuka mabondeni na kugandana. Uchafu huo si mzito, lakini kazi yake mbaya ni kuzibana zile pindi za waya zisicheze kwa uhuru. Mitikisiko ya haraka ndiyo inayomezwa kwanza. Sauti nene inabaki, zile za juu zinaondoka moja baada ya nyingine, mpaka siku moja unajisikiliza kwenye rekodi na kusikia mtu anagonga kabati.

Na kuna hili ambalo wengi hawalioni. Uchafu haukai sawasawa. Unajaa zaidi pale unapochokoa na pale unaposhika, yaani kwa wengi wetu kwenye freti 5 za mwanzo, vile vijiti vya chuma vya shingoni. Uzi unakuwa mzito hapa na mwepesi pale. Sasa noti ya freti ya 12 inakataa kupatana na uzi wazi. Nimewahi kumsumbua fundi wiki mbili nikidai shingo ya gitaa imepinda. Aliikagua, akaikagua tena, mwisho akatoa nyuzi zangu akafunga nyingine, akanirudishia bila kusema neno. Ile bili niliilipa nikiangalia chini.

Hicho ni kifo cha kwanza, kifo cha uchafu. Cha pili ni kutu. Nikeli ikikwanguka, chuma cha chini yake kinakutana na jasho na unyevu wa hewa. Stenlesi inavumilia zaidi, ila msidanganyike na jina: kinachosemwa stenlesi ni waya wa nje, kiini kwa kawaida ni chuma cha kaboni, na jasho likipenya likakifikia, linafanya kazi yake kimyakimya. Cha tatu ni kipigo. Kila unapobonyeza, chuma kinasagana na chuma. Nenda nyumbani, fungua uzi wa zamani, uugeuze utazame upande wa chini. Utaona vibapa vidogo vimejipanga, kimoja kwa kila freti. Pale uzi si wa duara tena.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama nyuzi za utando zinafaa, na mimi namuuliza: uzi wako unakufaje? Kwa sababu utando unapigana vizuri na kifo cha kwanza na cha pili. Cha tatu hauna la kukifanya. Tena hapo unatangulia kufa wenyewe.

Niliahidi koti la mvua. Mwaka 1938, Roy Plunkett, mkemia wa kampuni ya DuPont huko Marekani, alikuwa akishughulika na gesi za majokofu. Mtungi mmoja ukakataa kutoa gesi ingawa uzito ulionyesha haujaisha. Walipoupasua wakakuta unga mweupe unaoteleza, ambao karibu hakuna kitu kinachoshikamana nao. Ndiyo PTFE, mnaijua kwa jina la Teflon. Mwaka 1969, Bob Gore aliuvuta mche wa kitu hicho kwa ghafla ukiwa na joto, ukanyooka ajabu na kuwa utando wenye vitundu vidogo mno, maji hayapiti, mvuke unapita. Makoti ya Gore-Tex yakazaliwa hapo. Na ni kampuni hiyohiyo ya akina Gore, W. L. Gore, iliyoleta nyuzi za gitaa za Elixir katika miaka ya 1990. Mnaona? Nilikuwa nikiwakejeli watu kwa koti la mvua, kumbe fundi cherehani ni yuleyule.

Lakini si kila utando umevishwa namna moja, na wauzaji hawapendi kukaa hapa kwa sababu kunachanganya wateja. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya Elixir: uzi ukishakamilika, ndipo unavishwa wote kwa nje. Mabonde yanafunikwa. Uchafu hauna pa kushukia. Ya pili ni kupaka waya wa nje kabla haujaviringishwa, kama walivyofanya kampuni ya D'Addario kwenye nyuzi zao za EXP. Hapo kila waya umelindwa dhidi ya kutu, ila mabonde bado yako wazi, na takataka ikitaka kuingia inaingia. Uzi wa namna ya kwanza unateleza, wengine wanasema kama umepakwa nta. Uzi wa namna ya pili unakaribia zaidi uzi tupu mkononi. Kuna pia nyuzi za rangi, nyeusi na zile zinazowaka kwenye taa za jukwaani, za kampuni ya DR na wengineo. Hizo mtu ananunua kwa macho, simlaumu, jukwaa nalo ni macho.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema alijaribu nyuzi za utando hazikumfaa, muulize ni zipi. Mara nyingi hajui.

Mimi nilianza kuzijaribu si kwa kupenda bali kwa aibu. Nina jasho baya. Nasema bila kujificha. Kuna watu mikono yao imebarikiwa, nimepiga na mmoja ambaye alikuwa akinipokea besi katikati ya usiku, nyuzi ni zilezile, chombo ni kilekile. Besi yake ya nyumbani ina nyuzi za miezi 8 na zinang'aa. Za kwangu, wiki ya pili zimeshakuwa na rangi ya sufuria ya zamani, na kitambaa nikipitisha kinatoka cheusi. Nilidhani ananitania kuhusu miezi 8 mpaka tulipofunga seti mbili zinazofanana siku moja, kila mtu kwenye besi yake. Ya kwangu ilikufa, ya kwake haikuwa hata na habari. Tofauti haikuwa ya mtindo wa kupiga, maana yeye ndiye anayegonga kwa nguvu. Ilikuwa ngozi.

Nikafunga za utando. Siku ya kwanza sikuzipenda. Zilikuwa na sauti nzuri lakini kama kuna pazia jembamba mbele yake, ule mng'ao wa uzi mpya haukufika juu kabisa. Vidole vilikuwa vinateleza kupita noti. Niliandika kwenye daftari: "Hapana." Baada ya wiki 3 nikafungua daftari kuandika tena, nikakuta sina jipya. Sauti ni ileile ya siku ya kwanza. Wiki ya 6, ileile. Hapo ndipo nikaelewa ninachonunua. Uzi tupu unakupa siku chache za utukufu, halafu mteremko. Uzi wa utando unaanza hatua moja chini, kisha unatembea tambarare kwa muda mrefu. Kwa mtu anayerekodi wimbo leo na kuitwa kuurudia kipande baada ya mwezi, tambarare hiyo ina thamani kuliko utukufu.

Basi nikajiona nimepata dini mpya. Nikazifunga kwenye besi yangu ya pili, ile ninayopigia mitindo ya kugonga kwa kidole gumba na kuvuta uzi kwa kidole cha shahada. Mwezi haukuisha. Juu ya pikapu ukaanza kuota vinywele vyeupe, kama ndevu za mbuzi mzee, utando unachanika vipande vipande pale gumba linapotua. Sauti haikuharibika mara moja, nisizisingizie, ila mabonde yakawa wazi pale palipochanika, uchafu ukaingia hapo tu, na huko kwingine hapana. Uzi mmoja, umri mbili. Wanaotumia piki, kile kibapa cha kuchokolea nyuzi, nao watayaona haya, tena mapema.

Sasa tupige hesabu, maana mmeahidiwa hesabu. Tuseme seti ya kawaida bei yake ni 1 na ya utando ni 2. Tuseme mikononi mwangu seti ya kawaida inanipa saa 30 za sauti ninayoitaka, na ya utando inanipa saa 90. Ya kawaida: kila saa 30 nalipa 1, kwa hiyo saa 90 zinanigharimu 3. Ya utando: saa 90 nalipa 2. Nimeokoa theluthi. Sasa chukua yule wa gumba, ambaye utando wake unachanika kwenye saa 45. Kwa saa 90 atalipa 4, wakati za kawaida zingemgharimu 3. Amepoteza. Na yule rafiki yangu mwenye mikono ya baraka? Seti ya kawaida yenyewe inampa saa 200. Utando utamwongezea nini ambacho anaweza kukisikia? Tarakimu ni za mfano, msizinukuu. Kila mtu aweke zake. Kanuni ni moja tu: usigawe bei kwa muda ambao uzi umekaa kwenye gitaa, igawe kwa saa ambazo uzi ulikuwa na sauti unayoitaka.

Lakini kuna mtego ndani ya hesabu hiyo, na ningependa mtu aondoke hapa amesahau yote, mtego huu aukumbuke. Hesabu ya wauzaji inadhani kwamba wewe ungekuwa unabadilisha nyuzi kila zinapokufa. Je, ulikuwa unabadilisha? Jibu kimoyomoyo. Kama ulikuwa unabadilisha mara moja kwa mwaka, au mpaka mkeo alalamike, basi seti ya utando haikuokolei kitu. Utalipa mara mbili, utakaa nayo mwaka uleule mmoja. Pesa unayojisifu kuiokoa hukuwahi kuitoa. Labda utapata sauti bora zaidi katikati ya mwaka, na hilo ni jambo zuri, lipe jina lake: umelipia sauti. Usiseme umebana matumizi.

Na hapo tunakutana na marehemu James Jamerson, ambaye besi yake iko kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, za miaka ya 1960 kuliko watu wanavyojua. Alipiga besi ya Fender Precision, yenye nyuzi bapa za La Bella, yaani zenye waya wa nje ulio bapa badala ya duara, nene, na inajulikana kwamba hakuwa akizibadilisha ila uzi ukikatika. Uchafu ulikuwa sehemu ya sauti yake. Ile noti nene, fupi, ya mviringo, inayokaa chini ya wimbo kama msingi wa nyumba, huipati kwenye uzi mpya unaolia kama kengele. Mtu kama huyo ukimuuzia utando unaozuia uchafu, unamuuzia dawa ya ugonjwa anaoutaka. Nyuzi bapa zenyewe hazina yale mabonde, uchafu hauna pa kujificha sana, na anayezifunga hatafuti mng'ao. Kwa wapiga nyuzi bapa, hotuba yangu ingekuwa imekwisha dakika 20 zilizopita. Mnaweza kwenda kunywa maji.

Upande wa pili wa bahari, kwenye miaka hiyohiyo, kulikuwa na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, Uingereza. Yeye alitaka mng'ao mpaka basi. Amesimulia mwenyewe kwamba alinunua besi ya Danelectro kwa sababu ya nyuzi zake nyembamba zinazolia, uzi ukakatika, na nyuzi za akiba za aina hiyo hazikupatikana madukani. Akanunua besi nyingine nzima. Uzi ukakatika tena. Akanunua ya tatu. Fikirieni mtu ananunua gitaa ili apate uzi! Halafu sisi tunalalamikia bei ya utando. Mwaka 1966 akafanya kazi na kampuni ya nyuzi ya Rotosound kutengeneza nyuzi za waya wa duara zilizompa sauti aliyokuwa akiisikia kichwani, na mpaka leo jina la nyuzi zao za Swing Bass lina 66 mwishoni.

Nimewaleta wawili hawa makusudi. Hawakuwa wakibishana juu ya nyuzi, walikuwa wakitafuta sauti tofauti. Ukikaa katikati yao bila kujua unaelekea kwa nani, kila seti utakayonunua itakuwa ghali.

Kuna mambo madogo ambayo hayaandikwi kwenye pakiti. Moja limenichanganya siku nzima. Mnajua besi nyingi zinavuma mpaka uguse nyuzi, ukigusa mvumo unapungua, kwa kuwa nyuzi zimeunganishwa na ardhi ya umeme kupitia briji, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, na mwili wako unaingia kwenye njia hiyo. Sasa, PTFE haipitishi umeme. Uzi ukiwa umefunikwa wote, kidole chako kinagusa plastiki. Nilifungua kifuniko cha besi, nikakagua waya zote, nikachomelea upya waya ambao haukuwa na kosa. Kisha kwa bahati nikalaza kiganja kwenye briji, mvumo ukakata. Ukiliona hili, fundi hana kazi hapo.

Lingine: usikate uzi wa besi kabla hujaukunja kwenye mhimili wa kukazia. Hili ni kwa nyuzi zote, hasa zenye kiini cha duara, maana waya wa nje unaweza kulegea na uzi ukazaliwa umekufa. Kwa nyuzi za utando ninaongeza mzunguko mmoja kwenye mhimili, kwa sababu zinateleza. Na usizifunge na kuzifungua mara kwa mara. Ule utando ukisagika kwenye mhimili haushonwi.

Halafu kuna njia za mtu asiye na haraka ya kulipa. Osha mikono kabla ya kupiga. Ninajua linasikika kama maneno ya mama, lakini ukichukua nusu ya uchafu kabla haujafika kwenye uzi, umeshavisha uzi wako utando wa bure. Kitambaa kikavu kiwe kwenye mfuko wa gitaa, upitishe juu na chini ya kila uzi ukimaliza, chini ndiko watu wanakosahau. Nyuzi tupu zilizokufa kwa uchafu zinaweza kufufuliwa: zitoe, zilaze kwenye spiriti usiku mzima, zifute, zikauke kabisa. Spiriti inashika moto upesi, na inaharibu rangi ya gitaa, kwa hiyo ifanyike nyuzi zikiwa nje ya gitaa na mbali na jiko. Wengine wanachemsha kwa maji. Inafanya kazi, nimeifanya ujanani, sauti inarudi kwa siku chache, lakini maji yanayobaki ndani yanaialika kutu. Zilizokufa kwa kipigo hazifufuki kwa spiriti wala kwa maombi. Angalieni vibapa kabla hamjapoteza spiriti.

Kama ningelazimishwa kutaja watu, ningesema hivi. Mwenye jasho kali, anayepiga kwa vidole, anayependa mng'ao, na ambaye kweli alikuwa akibadilisha nyuzi kila mwezi: nunua za utando leo, umechelewa. Mwenye besi ya pili inayoning'inia ukutani kwenye hewa yenye unyevu, inayopigwa mara chache: hapo utando unalipa kuliko popote, kwa sababu uzi wake unakufa kwa kutu tupu, haupigwi. Kanisa au shule yenye besi moja inayoshikwa na watu 10, kila mmoja na jasho lake, nao wamo. Wa gumba na wa piki wakae na nyuzi tupu, labda za stenlesi, ila wajue stenlesi ni ngumu na inakula freti upesi kidogo. Anayebadilisha nyuzi kabla ya kila onyesho kubwa haihitaji tambarare, yeye anaishi kwenye utukufu tu. Na anayempenda Jamerson aachwe na uchafu wake.

Nimeona mkono umenyooshwa pale. Kijana anauliza kama anaweza kuweka uzi wa utando kwenye E na A tu, kwa kuwa ndizo zinazokufa haraka, na kuacha D na G tupu. Unaweza, hakuna polisi. Nimejaribu. Mkono ulinisumbua kuliko sikio: nikivuka kutoka A kwenda D nilihisi kama nimetoka kwenye sakafu iliyopigwa deki na kukanyaga mchanga. Wengine hawajali. Jaribu, kisha uje uniambie.

Na mzee wangu hapa mbele anasema yeye hasikii tofauti yoyote na hajawahi kuisikia. Mzee, shikamoo. Wewe ndiye tajiri kuliko sisi wote humu. Usibadilishe kitu.

Haya, dakika zangu ninaona zimebaki 3. Besi hizi mbili ziko hapa, amplifaya imewashwa, sauti nimeishusha ili tusikilizane. Njooni mmojammoja, pigeni E wazi, pigeni freti ya 12, pitisheni kidole juu ya pikapu, kisha mniambie ipi imevaa koti. Ila tafadhali, bomba liko pale mlangoni na sabuni ipo. Hakuna anayegusa nyuzi zangu kabla ya kunawa.